Tangazo Lililokwama Ng'ambo

Dunda, Bagamoyo

Mwanangu Saumu,

Marahaba. Najua utaingia na shikamoo yako kabla hujavua viatu, basi nimekuitikia mapema, kwa kuwa nataka uisome barua hii kabla hatujaonana uso kwa uso. Nimeiweka juu ya begi lako, lile lililofungwa mara tatu na kufunguliwa mara tatu tangu asubuhi.

Utashangaa mama anakuandikia ilhali yumo chumba cha pili. Wewe unanijua: mbele ya watu mia nasimama nikasema mpaka kahawa ikapoa, lakini mbele yako peke yako maneno hunikimbia. Maadamu umekwenda Mlingotini kuwaaga wakubwa, nimepata nafasi ya kuyakamata machache.

Habari za nguo nzito, mafuta ya kujipaka na chakula cha halali, shangazi yako Mwajuma amekwisha kuzimaliza, na nyingine amezirudia. Mimi nina jambo moja. Jana kaka yangu, mjomba wako Hamisi, alinieleza ulichomwomba. Umemtaka aahidi kwamba likinipata la kunipata nawe uko masomoni ng'ambo, nisizikwe mpaka ufike. Naye, maskini, amekuahidi, kwa kuwa tangu ulipokuwa mtoto hajajua kukukatalia. Barua hii ni jibu langu kwa ombi hilo, nami naomba univumilie, kwani siwezi kulitoa bila kupita njia ndefu.

Nilipokuwa mwalimu mpya nilipangiwa shule moja mkoani Kigoma. Babu yako alifariki hapo Mlingotini alfajiri, akazikwa siku hiyohiyo, kama ilivyo kwetu. Habari ilinifikia siku ya nne, kwa kikaratasi cha simu ya maandishi. Nilikuwa darasani nikifundisha kusoma ramani. Nikakikunja, nikamaliza kipindi. Kilichokuja kuniumiza baadaye ni hesabu ya siku. Nilipozirudisha nyuma nikagundua kwamba siku aliyofukiwa baba yangu ndiyo siku ambayo sisi walimu tulicheka mpaka tukashika mbavu, kwa sababu mwenzetu mmoja alitia chumvi kwenye birika la chai akidhani sukari. Kicheko kile nimekibeba hadi leo. Sikufanya kosa lolote, na bado nimekibeba.

Ndiyo maana nilipostaafu na kuchaguliwa katibu wa chama chetu cha kufaana, jambo la kwanza nililoanzisha ni ile tovuti. Nilitaka mtu wetu yeyote, awe Msata au awe Maskati, afungue simu na kuona: fulani ametutoka, anaswaliwa saa fulani, anazikwa makaburi fulani. Uliniona nilivyoipenda. Niliandika kila tangazo kama naandika mtihani wa taifa.

Lakini hukuwapo katika mkutano ule nilipofuta kazi ya wapiga simu. Tulikuwa nao wanne, waliogawana orodha ya jamaa wa mbali. Ukitokea msiba kila mmoja hupiga simu zake, na saa ikibadilika hupiga tena. Nilisimama nikatoa hotuba kuhusu zama mpya. Bi Tatu, aliyekuwa mkubwa wao, akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "mimi nikimpigia mfiwa nasikia pumzi zake. Akinyamaza najua amekaa chini. Hiyo tovuti yako itajua nani amekaa chini?"

Nikamjibu: "Bi Tatu, tovuti haina haja ya kujua nani amekaa chini. Na haiombi kahawa kabla ya kuanza kazi."

Ukumbi ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka kwa adabu. Hoja ikapita. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona nimewavusha watu mto.

Likizo iliyofuata ulikuja kutoka chuoni, ukaiangalia tovuti yangu huku umeshika shavu.

"Mama, unajua hii inakaa wapi?"

"Inakaa kwenye simu yangu."

Ulicheka, halafu ukaacha kucheka. "Inakaa kwenye mashine huko Ulaya. Ukiandika hapa Dunda, maneno yako yanashuka baharini kwa mkongo, ule waya mnene wa chini ya maji, mpaka huko. Jirani wa nyumba ya pili akitaka kuyasoma, yanavuka bahari tena kumrudia. Mkongo ukikatika, nyie na watu wa Msata mtakuwa hamsomani, na nchi yenu ni moja."

"Saumu, huku umeme wenyewe unakatika pakitanda mawingu. Kitu cha maana acha kikae kwa wenye kujua kutunza."

"Kuna vyumba vya mashine Dar es Salaam, mama. Vina majenereta, na mitandao yote ya nchini inakutana hukohuko bila kutoka nje."

"Dar!" nikasema, kana kwamba umenitajia kibanda cha chipsi.

Nataka nikiri leo kilichokuwa nyuma ya neno lile. Kwa miaka thelathini na miwili nilisimama mbele ya watoto wa watu nikiwafundisha kwamba nchi yao inatosha kuaminiwa, nami moyoni sikuwa naamini. Kila nilichokithamini nilikitafutia hifadhi ng'ambo. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na mmoja, ukanieleza kwa upole, nami nikakunyamazisha kwa neno moja.

Yaliyofuata unayajua, ila hujapata kuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Bi Mwanahawa, jirani yetu, alifariki asubuhi ya masika. Mwanawe pekee, Shabani, alikuwa Msata kwenye duka lake la vipuri. Jirani alimpigia simu kumpa habari ya kifo; ama saa ya maziko, alimwambia aitazame kwenye tovuti, kama nilivyowazoesha watu. Nami nilikuwa nimeandika: baada ya swala ya alasiri. Shabani akafungua, akasoma, akaanza kuwakusanya jamaa zake wa huko.

Kabla ya adhuhuri wingu zito likapanda. Unayajua makaburi yale mvua ikiyakuta: maji hujaa shimoni kabla maiti haijafika. Wazee wakaamua maziko yawe mara baada ya adhuhuri. Nikatoa simu, nikaibadilisha saa, nikabonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo, kikazunguka, kikazunguka. Lakini maji ya kuoshea yalikuwa yamekwisha tengwa, kafuri imekwisha sagwa, na wanawake wananiita. Nikaitia simu mkobani kiduara kikiwa bado kinazunguka.

Mjomba wako Hamisi akaja akasimama nje ya mlango wa chumba tulimokuwa tunamwosha marehemu.

"Dada, watu wa Msata wamejua kuwa saa imebadilika?"

"Wamejua. Nimebadilisha kwenye tovuti."

"Shabani simwoni."

"Yuko njiani. Atawakuta makaburini. Tazameni mbingu, msikae."

Nililisema kwa sauti ileile niliyokuwa nikitulizia gwaride la shule, na hakuna mwanamume aliyethubutu kuibishia. Bi Mwanahawa angeweza kungojwa nusu saa. Mwanawe angeweza kupigiwa simu moja, kwani simu za kawaida zilikuwa zinaita vizuri siku hiyo. Ni sauti yangu iliyomzika bila mwanawe. Wakateremka kaburini wapwa zake wawili kumpokea, mahali ambapo mtoto wa kuzaa ndiye anayetakiwa kunyoosha mikono.

Shabani alifika mvua ikiwa imekatika. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa baraza, wanapokezana kata, wanajimwagia maji miguuni kuondoa tope la makaburi. Mimi nilikuwa dirishani.

"Asalaam aleikum," akasema. "Mbona mnaosha miguu?"

Wakaitikia salamu. Mmoja akaiweka kata chini.

"Jamani, nauliza. Mbona mnaosha miguu?"

Alipoelewa hakupiga kelele. Alizunguka uani, akaomba kuniona, akanipa simu yake mkononi.

"Mwalimu, soma hapa."

"Shabani mwanangu, pole, mimi…"

"Soma kwanza. Kwa sauti."

Nikasoma. Maziko ni baada ya swala ya alasiri. Ukurasa alioufungua asubuhi ulikuwa umebaki vilevile, na maneno yalikuwa yangu, hadi vituo.

"Alasiri imeadhiniwa?"

"Bado."

"Basi mimi nimewahi," akasema. "Nimewahi, Mwalimu. Mama yangu yuko wapi?"

Jioni ndipo tulipopata habari kwamba mikongo ya baharini ilikatika kabla ya adhuhuri, na nchi nzima ilikuwa haioni nje. Mabadiliko yangu hayakutoka mkobani mwangu.

Siku ile ulikuwapo, mwanangu, na ulikuwa na haki ya kusema "nilikwambia". Nililingoja neno hilo kwa siku tatu za matanga. Hukulisema. Nilikuona ukimpelekea Shabani maji ya kunywa, ukakaa naye kwenye mkeka. Siku ya nne uliniomba nywila ya tovuti, nami nikakupa kama mtu anayesalimisha silaha.

Nimekutazama ukifanya kazi ile kwa wiki nzima, nami ndipo nilipojifunza kutoka kwa mtoto wangu maana ya kutengeneza kitu kilichovunjwa na mwingine. Ulihamishia tovuti kwenye mashine ya Dar es Salaam, mimi nikadhani tumemaliza. Ukasema bado. Uliiwekea kompyuta yako kizuizi isione chochote kilicho nje ya nchi, ukafungua tovuti, na tovuti haikufunguka.

"Tumehamisha nyumba, mama, lakini anayewaonyesha wageni njia bado yuko ng'ambo."

Ukamhamisha naye, ukaliandikisha jina la tovuti hapahapa nchini. Ukajaribu tena. Sasa ikafunguka, lakini pole pole kama mgonjwa, kwa kuwa hata maumbo ya herufi niliyoyachagua kwa uzuri wake yalikuwa yanaazimwa kutoka nje kila mtu anapofungua. Uliyaondoa. Uliondoa na ramani ya kuelekeza makaburini, nayo ya kuazima. Kila ulichokigusa kilikuwa na kamba ndefu iliyokwenda nje, nami ndiye niliyezifunga zote, moja moja, kwa mapenzi.

Sehemu yangu ilikuwa kwenda kwa Bi Tatu. Nilimkuta anachambua mchele.

"Nimekuja kukuomba urudi kwenye simu," nikamwambia.

"Kumbe bado tunapumua," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. Kisha akanisogezea kigoda. "Kaa, Mwalimu. Leo nitaomba kahawa kabla ya kuanza kazi."

Mwaka uliofuata mikongo ikakatika tena, na siku hiyohiyo mzee mmoja wa chama, mjomba wa binamu yangu Zainabu, akafariki. Mitandao ya kuchati ilinyamaza, lakini tovuti yetu ikafunguka Dunda, ikafunguka Msata. Nilipobadilisha saa ilibadilika, na juu yake Bi Tatu na wenzake wakapiga simu. Shabani alikuwa miongoni mwa waliotangulia kufika.

"Nimesoma," akaniambia, "na Bi Tatu kanipigia, na bado nimekuja saa nzima kabla. Kwa mimi na wewe, Mwalimu, sibahatishi tena!"

Sijui kama amenisamehe. Sijamuuliza, kwa kuwa naona swali hilo lingemlazimisha kunifariji. Lakini alikuja.

Nilidhani basi tumefika mwisho wa hadithi, mpaka mtandao wa nje uliporudi na ujumbe wa binamu yangu Zainabu ukaingia kutoka Maskati. "Nyie mlikuwa mnasomana," aliandika, "sisi huku ukurasa mweupe. Mjomba kazikwa nami niko harusini, nimepaka hina mpaka viwikoni." Niliusoma nikaisikia tena chai ya chumvi ya Kigoma. Tulipoirudisha tovuti nyumbani tuliwaokoa walioko nyumbani. Walio mbali, siku bahari inapofunga njia, hakuna mashine ya Dar es Salaam inayoweza kuwafikia.

Na kesho wewe unakuwa mmoja wao.

Najua umelifikiria kabla yangu. Ndiyo maana mwezi uliopita ulitengeneza nakala ya pili, ya kukaa huko nje, inayopokea habari kutoka ya hapa kila baada ya dakika chache. Ulinionyesha kwa furaha. Nikakuuliza: "Na njia ikikatika?" Ukasema: "Itabaki na habari ya mwisho iliyoipata." Nikauliza: "Itasema kwamba imekwama?" Sote wawili tulikuwa tunauona mkono wa Shabani na simu yake. Ulirudi kwenye kompyuta, na kabla ya magharibi juu ya nakala ile pakawa na mstari mwekundu: Ukurasa huu ulipata habari kutoka nyumbani mara ya mwisho saa fulani, siku fulani. Umetengeneza mambo mengi, Saumu, lakini kwangu mimi mstari ule ndio mkubwa kuliko yote. Ningekuwa nao siku ile, nisingesema "wamejua".

Utauona ukisimama. Itatokea, siku moja au siku tano, saa ile nyekundu itakaa mahali pamoja nawe utakuwa peke yako na baridi yako. Nakuomba wakati huo usijiambie kwamba nimekufa, na usijiambie kwamba mimi ni mzima. Sema hujui. Ni neno gumu kwa watu wa ukoo wetu, tuliozoea kujibu kabla swali halijaisha. Mimi limenigharimu jirani kulijifunza. Ukilisema, nenda darasani, nenda kapike, na mtu akikuchekesha, cheka. Ikija kujulikana baadaye kwamba ulicheka siku isiyostahili kicheko, basi mimi niliyekuzaa nakuambia leo kwamba kicheko hicho nimekihalalisha. Mimi hapakuwa na mtu wa kuniambia hivyo.

Sasa jibu langu. Leo asubuhi nimemwita mjomba wako, mbele ya shangazi yako, nimemfungua katika ahadi aliyokupa. Sitangojwa. Nitaoshwa na wanawake niliowaosha mama zao, na nitazikwa siku yangu, kama babu yako, kama Bi Mwanahawa. Watakupigia simu, Bi Tatu amejiandika mwenyewe kwamba namba yako ni ya kwake. Ikipatikana, utajua. Isipopatikana, utajua baadaye. Sitaki mwili wangu ulazwe ukikusubiri uruke nchi tatu huku ukilia kwenye viwanja vya ndege. Shabani aliwahi, na hakumkuta mama yake. Mimi nilichelewa siku nne. Hakuna kati yetu aliyekuwa mtoto mbaya, na wewe hutakuwa mbaya pia.

Usidhani naandika haya kwa moyo mkavu. Tangu Ijumaa naifungua tovuti bila sababu, hakuna msiba wala harusi, naitazama tu kwa kuwa imepita mikononi mwako. Juzi niliandaa sahani za wiki ijayo kichwani, nikakuta bado nahesabu mbili. Lau ningefuata moyo ningekuficha pasipoti. Shangazi yako alinipa wazo hilo, akadai anatania.

Gari litakuja saa kumi na mbili. Wajomba watakuwa barazani, kutakuwa na dua na picha, na mimi nitasema maneno mazuri kama kawaida yangu, hayo usiyahesabu. Kabla yao, ukishaswali alfajiri, ingia chumbani kwangu ufunge mlango. Nitaanza mimi, kwa adhabu ile ya kidato cha tatu niliyokupa kwa kosa ambalo nilikuja kujua halikuwa lako, nikaona haya kukuambia. Kisha uje na yako, yote, na ya kunilaumu yasibaki. Watoto wetu wengi wamewaambia mama zao mambo makubwa wakiwa wamechuchumaa mbele ya udongo mbichi. Ya kwako njoo uniambie kesho, nipate kukujibu.

Mama yako